"Kutunga" si "Kudarizi": Istilahi za Kazi ya Ushanga

Imekuwa desturi kwa baadhi ya wafasiri wetu, wakutanapo na maelezo ya kupamba nguo kwa ushanga, kuandika "kutunga ushanga" na kuendelea mbele. Neno hilo ni zuri, lakini haliifai kazi hiyo. Kutunga ni kupitisha uzi katika matundu ya shanga, kama utungwavyo utunda. Uzi ukikatika, zote hutawanyika. Apambaye kitambaa hushikiza shanga moja moja, au chache chache, kwa mishono ya sindano. Uzi ukikatika, zitokazo ni chache. Mwanafunzi aambiwaye "tunga" atatenda jambo jingine kabisa. Kitenzi "darizi" tunacho tangu zamani: yafaa tuseme "kudarizi kwa ushanga".

Kosa la pili ni kuiita kanvasi ya kudarizia "turubai". Mwenye kulifuata neno hilo katika maduka ya Kariakoo atapewa kifuniko cha mizigo ya lori! Hapa haifai kuogopa kutohoa. Jina Kariakoo lenyewe limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na leo hakuna aliyeonaye geni. "Kanvasi" nayo ipokewe, na turubai libaki kazini kwake.

Istilahi haipimwi mezani peke yake. Na ipelekwe kwanza kwa fundi mwenye sindano mkononi, ndipo isanifishwe.