Mashujaa wa Nyumba Mbili

Kijana mmoja wa parokia alituletea vitabu vinne vyembamba, akatuuliza kama kuna faida kuvisoma. Ni hadithi ya picha iitwayo JLA/Avengers, iliyotolewa Marekani mwaka 2003 na 2004. Twaungama kwamba tulivipokea kwa mashaka, kwa kuwa tulizoea kufikiri kwamba picha za watu warukao angani ni mchezo wa watoto tu. Basi tumevisoma mara mbili, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Huko Marekani kuna kampuni mbili kubwa za hadithi hizi, DC na Marvel, na kila moja ina mashujaa wake. Superman, Batman na Wonder Woman ni wa DC, nao wamo katika kundi la Justice League. Captain America, Thor na Iron Man ni wa Marvel, katika kundi la Avengers. Hadithi ya kuwakutanisha ilianzwa zamani: kufika mwaka 1983 mchoraji George Pérez alikuwa amekwisha kuchora kurasa 21, lakini kampuni zikashindwa kupatana, na kazi ikaachwa. Ikapita miaka ishirini ndipo alipoanza upya, safari hii pamoja na mwandishi Kurt Busiek.

Adui ni Krona, ambaye kwa kutaka kujua siri ya mwanzo wa vitu vyote huharibu dunia moja baada ya nyingine. Walakini mashujaa wanaanza kwa kugombana wao kwa wao. Superman aona dunia ya wenzake imejaa mateso na ukatili, asema moyoni kwamba ni wavivu. Captain America naye aona jinsi watu wa upande wa pili wanavyowatukuza mashujaa wao hata kuwajengea nyumba ya makumbusho, adhani wanataka kuabudiwa. Kila mmoja ana ukweli kidogo, ndiyo maana ugomvi wao ni mgumu kuumaliza. Batman na Captain America wapigana kidogo tu, kila mmoja akimpima mwenzake, kisha waacha na kuanza kuulizana maswali. Ukurasa huo ulitufurahisha kuliko vita vyote vikubwa.

Sasa picha. Jalada la kitabu cha tatu lina watu zaidi ya 200, na hakuna aliyechorwa kwa uvivu. Mtu akitazama polepole ataona kwamba kila mmoja ana uso wake na namna yake ya kusimama. Rangi alizitia Tom Smith, naye amefanya kazi njema, maana bila rangi kupangwa vizuri umati ule ungekuwa kama kichaka. Hata hivyo kuna kurasa zinazochosha. Pérez apenda kujaza kila pembe, jicho halipati mahali pa kupumzika. Na msomaji asiyewajua watu hawa tangu zamani atapotea mara nyingi. Sisi wenyewe ilitubidi kumwita yule kijana atutajie majina.

Lakini katika kitabu cha tatu tulielewa kwa nini nyuso zile zote zilihitajiwa. Dunia mbili zimeunganishwa kwa nguvu nazo zinabomoka. Mashujaa, ambao sasa wanadhani ni marafiki wa siku nyingi, waonyeshwa maisha yao ya kweli yalivyokuwa. Vision na Scarlet Witch waona watoto wao mapacha wakitoweka. Hal Jordan ajiona akianguka katika uovu. Barry Allen, yaani Flash, aona kifo chake. Wakirudisha dunia zao kama zilivyokuwa, huzuni hizo zitarudi pamoja nazo. Nao wakubali kuzirudisha. Na mkono uliochora uso wa Flash akipata habari ya kifo chake ni mkono uleule uliochora kifo hicho mwaka 1985, kwa maana mchoraji wa hadithi ile alikuwa Pérez pia.

Kitabu cha nne ni vita tu karibu chote. Superman ashika ngao ya Captain America na nyundo ya Thor, picha ambayo vijana waipenda mno. Lakini mshale unaovunja mtambo wa Krona unapigwa na Hawkeye, mtu asiye na nguvu ya ajabu yoyote ila jicho lake na upinde.

Pérez alifariki tarehe 6 Mei 2022, akiwa na miaka 67. Mwanzoni mwa mwaka huo vitabu hivi vilichapwa tena pamoja, nakala 7,000 tu, kwa kusaidia Hero Initiative, chama kinachowatunza waandishi na wachoraji wa hadithi hizi walio katika shida.

Kijana tumemrudishia vitabu vyake, tukamwambia avisome bila woga. Kile cha tatu tumemwomba atuachie juma moja zaidi.