Heko kwa Wapiga Picha wa Watoto

Mtoto wa miezi sita haambiwi atulie akatulia. Mpiga picha wa studio analijua hilo, ndiyo maana karibu na kamera ana njuga, bonge la funguo na mlio wa paka anaouiga mwenyewe. Mama keshampaka mwanawe wanja na kumvika kofia inayomzidi kichwa. Mtoto ameanza tu kukaa bila kuegemezwa, basi mbio studio. Huwekwa juu ya zulia, shangazi kajibanza nyuma ya pazia, mkono umeshika kiuno cha mtoto. Zitazame vizuri picha za zamani, vidole vya shangazi utaviona.

Kazi hii ina ukoo mrefu kwetu. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi. Siku hizi simu hupiga picha mia kwa asubuhi moja (ikiibwa, zimekwenda zote). Ile moja ya studio, iliyosafishwa na kutundikwa sebuleni, mzazi humwonyesha kila mgeni, atake asitake. Wapiga picha, hongereni. Na wewe uliyekojolewa zulia Jumamosi, pokea na pole.