Bati Nje, Udongo Ndani

Ukipita Kamukunji jijini Nairobi, upande wa Gikomba na Shauri Moyo, utasikia nyundo kabla hujawaona wanaozipiga. Pipa la mafuta la lita 200 huingia pale likiwa zima. Muda si mrefu limepasuliwa, limenyooshwa, limechorwa kwa kigezo na kukatwa vipande. Fuawe la fundi ni kipande cha reli. Vifaa vyake vingine ni tindo, nyundo, mkasi wa bati na misumari ya kuribiti. Kwa vifaa hivyo tu anatengeneza chombo ambacho mimi nakihesabu miongoni mwa vilivyofikiriwa vizuri kabisa Afrika Mashariki: jiko la makaa lenye bati nje na udongo ndani.

Wengi tumelipikia miaka yote bila kulitazama. Tunaona limebanwa kiunoni, juu pana na chini pana, tunadhani fundi alitaka lipendeze. Kiuno kile kina kazi, tena kazi ngumu.

Jiko la zamani lilikuwa bati tupu. Moto ulipokolea, ubavu wake nao uliwaka, na aliyekaa karibu aliungua miguu kwa joto ambalo lilipaswa kuwa chini ya sufuria. Mwaka 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu, na suala la kuni na makaa likapata wasikilizaji ambao halikuwa nao kabla. Wakenya waliokuwa wakilishughulikia, Max Kinyanjui akiwa mmoja wao, waliangalia jiko la ndoo la Thailand, ambalo huvikwa udongo kwa ndani, wakajaribu kulifanya la kwao. Mwanzoni udongo ulijazwa kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Jiko likawa zito, likawa ghali, na udongo ukapasuka. Ndipo wakaupunguza: udongo ubaki nusu ya juu tu, pale penye moto, na nusu ya chini iachiwe hewa na majivu.

Lakini udongo unaoning'inia nusu ya juu lazima ushikwe na kitu. Hapo ndipo kiuno kinapoingia. Bati la juu limekatwa liwe kama faneli, linapungua kadiri linavyoshuka. Chungu cha ndani nacho kimefinyangwa kwa mteremko uleule, kwa hiyo kinakalia kiuno kama mtungi ukaavyo juu ya kata. Uzito wake wenyewe unakikaza. Ukilibeba jiko, ukalitua kwa kishindo, chungu kinazidi kuingia mahali pake badala ya kuchomoka. Na faneli ya chini, iliyopinduliwa, inalipa jiko kitako kipana ili ugali ukisongwa kwa nguvu lisipinduke.

Kushikana huko si rahisi, kwa sababu bati na udongo havipatani. Katika joto lilelile, chuma hupanuka karibu mara mbili ya udongo uliochomwa. Duara la bati lenye kipenyo cha sentimita 28 likiongezewa joto la nyuzi 200 hutanuka kama milimita 0.7. Jicho halitaiona tofauti hiyo, lakini chungu kinaijua, maana kila siku asubuhi na jioni ganda linalokikumbatia linalegea na kubana tena. Ukivigandamanisha viwili hivyo kwa sementi tupu, sementi itapasuka na kubanduka. Fundi hodari huchanganya sementi na vemikulaiti, lile jiwe jepesi la magamba yanayong'aa ambalo likichomwa huvimba na kujaa hewa. Mchanganyiko huo ni laini kiasi cha kuvumilia mvutano wa pande zote mbili, na hewa iliyonaswa ndani yake inazuia joto lisikimbilie kwenye bati. Tabaka la unene wa kidole tu, halionekani jiko likishakamilika, na mnunuzi hawezi kulikagua. Uaminifu wa fundi umo humo. Anaweza kujaza udongo wa barabarani, akapaka sementi juu, na wewe usijue hadi chungu kianze kucheza.

Mfinyanzi naye ana subira yake. Udongo mtupu hupasuka kwenye moto, kwa hiyo huchanganywa na kitu cha kuukatiza: mchanga, magae yaliyosagwa, au majivu ya makapi ya mpunga. Mchanga una hatari yake. Chembe za kwatzi hutanuka ghafla zinapofika nyuzi 573, na zikiwa kubwa huacha nyufa ndogondogo zinazosubiri siku ya kuwa nyufa kubwa. Ndiyo maana mchanga huchekechwa. Udongo hukandwa mpaka viputo vya hewa viishe, hukandamizwa kwenye kalibu, kisha huachwa ukauke nusu. Sasa ndipo kitako kinapotobolewa, wala si kabla wala si baada: ukiwahi, matundu yanajifumba, ukichelewa, kitako kinakatika. Matundu hufanywa mapana zaidi kwa chini, ili jivu likipita mdomo wa juu lisikwame njiani. Kisha vyungu hukaushwa kivulini, maana jua hukausha upande mmoja na kukunja mwingine, na mwisho huchomwa tanurini.

Nikiokota chungu cha aina hii huwa nakigonga kwa pingili ya kidole. Kilichoiva hulia. Kilicho na ufa hutoa sauti iliyofifia, hata kama ufa hauonekani. Nakushauri ufanye hivyo kabla ya kulipa.

Jiko jipya likifika nyumbani, kazi haijaisha. Kama sementi bado ina unyevu, liache kivulini mpaka likauke taratibu. Moto wa kwanza uwe wa makaa machache, uzime wenyewe, kisha siku nyingine uongeze. Maji yaliyojificha ndani ya sementi yanahitaji muda wa kutoka. Ukiyakurupusha kwa moto mkali yatatoka kwa kupasua. Wengine hulitengenezea meza fupi ya vyuma vya pembe na kuitandika matofali, ili mpishi asiiname na mlango wa hewa usizibwe na vumbi. Ni jambo jema, mradi jiko likae juu ya matofali na si juu ya mbao, na mlango uelekee mahali ambapo upepo hausukumi moja kwa moja. Mlango ule mdogo ndio usukani. Ukiuacha wazi chai inachemka upesi. Ukiufunga nusu, maharage yanatokota muda mrefu kwa makaa yaleyale. Na liwe nje au mahali penye madirisha wazi. Makaa yakiwa mekundu bila moshi bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na udongo hauizuii.

Akiba ya makaa inategemea jiko na mpishi. Vipimo vingi vimeiweka kati ya asilimia 20 na 50 ukilinganisha na bati tupu. Wazo lilivuka mipaka: nchini Tanzania jiko hili likaja kujulikana kama Jiko Bora, nchini Ethiopia likaitwa Lakech. Kila mahali wafinyanzi walilazimika kuanza upya na udongo wa kwao, kwa kuwa hakuna udongo unaofanana na mwingine.

Chungu ndicho huchakaa kwanza. Kitako kinalika, tundu moja linaungana na la pili, makaa madogo yanaanza kudondoka. Hapo mwenye jiko hurudi kwa fundi, naye hung'oa sementi ya zamani kwa tindo, hunyoosha mdomo wa bati uliobonyea, hupima chungu kipya kama kinakalia kiuno sawasawa pande zote, kisha hukoroga vemikulaiti upya. Bati lililokunjwa vizuri mishono yake huzika vyungu viwili, hata vitatu.