Nukta Mia kwa Kizingiti Kimoja

Webuye hakuna anayehitaji kufundishwa kuhusu kutu. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilipokuwa kikinguruma, tangu miaka ya 1970 hadi kilipofungwa mwaka 2009, wenyeji hawakulalamikia harufu peke yake. Walilalamikia mabati pia: hewa yenye salfa, walisema, ilikuwa ikitafuna mapaa yao kabla hayajazeeka. Kwa hiyo mtu akikuambia ana Peugeot 504 iliyolala miaka sita chini ya mwembe, kando ya barabara ya Kitale, huulizi kama imeoza. Unauliza imeoza wapi.

Hii yetu ilioza pale 504 nyingi huozea, kwenye vizingiti: ile mihimili miwili ya bati lililokunjwa, mmoja kila upande, inayopita chini ya milango. Matundu ya kutolea maji huzibwa na tope, maji hukaa ndani, na bati huliwa taratibu kutoka tumboni huku rangi ya nje ingali inang'aa. Ukiligonga kwa bisibisi ndipo unapojua, kwa sababu bisibisi inazama hadi mpinini.

Peugeot ilianza kuunda 504 mwaka 1968, na magari hayo yaliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kizazi kizima cha watu wa magharibi kilikwenda Nairobi kikiwa kimebanana ndani ya ile yenye safu tatu za viti. Jambo linalosahaulika ni kwamba gari hili halina chasi ya kujitegemea kama lori. Bodi ndiyo mifupa. Kizingiti kikioza, gari huanza kujikunja katikati, na dalili ya kwanza ni mlango wa nyuma unaogoma kufunga bila kubamizwa.

Kiwandani, mabati hayo yenye unene usiofika milimita moja yalishikanishwa kwa nukta: kingo mbili zinalazwa pamoja, ncha mbili za shaba zinazibana, umeme unapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na pale katikati chuma kinayeyuka na kuwa kidonge kimoja. Karakana zetu nyingi hukarabati sehemu hizo kwa gesi au kwa fimbo za umeme. Sina ugomvi na gesi; imelisha nyumba nyingi. Lakini mwali wake hupasha joto bati zima, bati hupindapinda, kisha filla inapakwa nene ili kuficha mawimbi. Fimbo nayo, juu ya bati la milimita 0.8, hutoboa tundu jipya kila inapoziba la zamani. Ndiyo maana tuliamua kufanya kama kiwanda kilivyofanya, tukiwa nyumbani, kwa stima ya nyumbani. Hapo ndipo mambo yalipoanza kupendeza, na pia kutukera.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Joto hutoka kwenye ukinzani. Mkondo mkubwa ukipita mahali penye ukinzani, mahali hapo hupata moto, na katika mabati mawili yaliyobanwa, ukinzani ni mkubwa zaidi pale yanapogusana. Shaba ya ncha inapitisha umeme kwa urahisi na kuondoa joto haraka, ndiyo maana nje bati hubaki na alama ndogo tu wakati ndani chuma kimefika nyuzi 1,500. Mgandamizo ndio nusu ya pili ya kazi. Wahunzi wa Samia, waliokuwa wakisambaza majembe katika eneo hili zamani za wahenga, wasingeshangaa: moto peke yake hauunganishi chuma, lazima kuwe na pigo. Mashine ya nukta imefanya pigo kuwa la kimya.

Kwa bati la milimita 0.8, viwanda hutumia karibu ampea 8,000, mbano unaokaribia uzito wa kilo 190, na muda wa sekunde 0.15 hivi. Mashine ya mkono ya karakana ndogo haifiki huko. Nyingi huishia kwenye ampea 6,000 au pungufu, na mbano wa kilo 100 hadi 120, kisha hufidia kwa kuongeza muda. Inawezekana, ila nafasi ya makosa hupungua: ukikosa kidogo tu upande wowote huna kidonge, una mabati mawili yaliyobusiana.

Sasa stima. Kibandiko cha mashine yetu kilisema kilovolti-ampea 2, na mwenye haraka angedhani hiyo ni sawa na birika la chai. Kumbe hicho ni kiwango cha wastani, kwa kuhesabu na muda wa kupumzika. Katika ile robo ya sekunde ya kuchoma, mashine ya aina hii inaweza kuvuta ampea 50 au zaidi kutoka ukutani. Jaribio letu la kwanza tulilifanya kwa waya wa kurefusha uliokuwa ukitumika kwa grenda, mita 30, unene wa milimita 1.5 za mraba. Nukta zilitoka nzuri machoni. Tukashika kipande kwa koleo, tukakizungusha, mabati yakaachana kama kurasa za daftari.

Tulihesabu usiku huo mezani. Waya wa unene huo una ukinzani wa takriban omu 12 kwa kilomita. Mita 30 za kwenda na 30 za kurudi ni omu 0.73. Kwa ampea 50, volti 36 zinaishia njiani. Ukianza na 240 unabakiwa na 204, na kwa kuwa joto hufuata mraba wa volti, nukta imepoteza zaidi ya robo ya joto lake. Waya wa milimita 6 za mraba, kwa umbali uleule, hula kama volti 9. Tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya nukta na pambo.

Tulimwita fundi wa stima mwenye leseni. Alivuta laini ya peke yake kutoka kwenye bodi ya fyuzi, akaweka kizima-stima cha ampea 32 cha aina inayovumilia mshtuko wa ghafla. Alipojaribu mara ya kwanza taa za nyumba zikafifia, akacheka: "Mzee, hii inakula kuliko kinu cha posho." Alisema kwa mzaha, ila kinu chenyewe kilikuwa tatizo la kweli. Kiko hatua chache kutoka kwetu, na kila injini yake ya umeme ilipowashwa volti zilishuka, nukta zikadhoofika. Basi ratiba ya kazi ikapangwa na mahindi: tulichoma alfajiri, kinu kikiwa bado kimefungwa. Na usijaribu kutumia ile jenereta ndogo ya petroli ya kuwashia taa za matanga. Itazima kabla ya ncha kupata joto.

Kuna vijana werevu wanaotaka kujitengenezea mashine hii kwa transfoma ya maikrowevu, wakitoa waya mwembamba na kuzungusha kebo nene mahali pake. Mafundi wetu wa jua kali wamekuwa wakisuka transfoma za kuchomelea kwa mabaki miaka nenda miaka rudi, na naheshimu mikono hiyo. Hili hata hivyo silishauri. Ule waya mwembamba hutoa volti zipatazo 2,000, na ukikosea hupati nafasi ya kujifunza. Hata ukifaulu, transfoma moja hutoa mkondo wa kuunganisha vibati vya betri, si vizingiti.

Ncha za shaba zinastahili heshima zaidi ya mashine. Si shaba yoyote: ni ile iliyochanganywa na kromiamu kidogo ili isilainike kwa joto. Tulianza na uso wa milimita 5. Baada ya nukta thelathini hivi uso hupondeka na kutanuka kama kofia ya uyoga. Ukifika milimita 7, eneo limekaribia kuwa maradufu, na mbano pamoja na mkondo kwa kila milimita ya mraba vimeshuka karibu nusu, ilhali swichi hujaigusa. Tupa laini ikawa ndiyo zana iliyoshikwa mara nyingi kuliko zote. Mikono mirefu ya shaba, ile ya kufikia ndani ya sakafu, huleta hasara ileile kwa njia nyingine: mbano hupungua kwa sababu ya urefu wa wenzo, na mkondo hupungua kwa sababu ya ukubwa wa pete ambayo umeme unaizunguka. Tumia mifupi popote panapofikika.

Matayarisho yalichukua wiki mbili, kuchoma asubuhi tatu. Nukta za zamani ziliondolewa kwa keekee ya milimita 8, bati la juu tu, ili ukingo wa chini ubaki mzima. Kisha kutu na rangi zikakwanguliwa pande zote nne za kingo. Watu husafisha nje na kusahau ndani, ilhali ndani ndiko umeme unakotakiwa kupita. Rangi hapo ni ukuta, na ukuta huo ukivunjika ghafla cheche hutoka kama fataki na kuacha tundu. Katikati ya kingo tulipaka rangi ya zinki inayoruhusu kuchoma juu yake, tabaka jembamba. Betri ilitolewa, waya za alteneta zikafunguliwa, tangi la mafuta likashushwa na kupelekwa upande wa pili wa boma. Mwenye kifaa cha moyo kifuani hakuruhusiwa kusogea, kwa kuwa sumaku ya mkondo ule si ya kuchezea.

Kila asubuhi, kabla ya gari, tulichoma vipande viwili vya bati lilelile na kuvichana. Nukta nzuri hukataa kuachia: bati moja hubaki na tundu, jingine na kidonge. Kwa unene wa 0.8 tulitaka kidonge cha milimita 4.5, na chini ya 3.6 tulirekebisha muda na kurudia. Huu ndio udhaifu wa nukta: ubora wake hauonekani mpaka uuharibu. Anayekuonyesha alama nzuri za duara bila kipande kilichochanika amekuonyesha rangi tu.

Kingo mbili za kizingiti, kila moja mita 1.6. Nukta za awali zilikaa kila sentimita nne hivi, kama arubaini kwa ukingo. Kwa kuwa mashine ya mkono ni dhaifu kuliko ya kiwanda, desturi ya ukarabati ni kuongeza robo, basi zikawa hamsini, na mia kwa upande mzima. Kuzisogeza karibu kupita kiasi nako hakufai: chini ya sentimita mbili, sehemu ya mkondo hukimbilia kwenye nukta jirani iliyokwisha kushika, na mpya hubaki na njaa. Milango ilikuwa imefungwa mahali pake muda wote, na jeki chini ya sakafu, tukipima mwanya kwa kipande cha kadibodi kila baada ya nukta kumi.

Mahali ambapo mikono haikuweza kuzunguka, pale kizingiti kinapokutana na nguzo ya mbele, tulitoboa bati la juu na kujaza matundu kwa mashine ya migi. Yalikuwa kumi na manne upande wa dereva. Rafiki mmoja mpenda mbio alitusihi tuchome mstari mzima kati ya nukta, kama yanavyofanyiwa magari ya mashindano ili bodi isinyongeke. Tulikataa. Gari la kwenda sokoni Kitale linahitaji kukunjika pale waundaji walipokusudia likunjike.

Upande wa abiria bado. Uko karibu na ukuta, mashine haiingii bila kuligeuza gari, na gari halina magurudumu ya nyuma. Waya wa milimita 6 nao umepungua mita nne.