Mchoro wa chura unatuficha tumbo

Leo ninakosoa mchoro. Si kitabu kizima, ni mchoro mmoja tu ambao kila mtu aliyepita kwenye masomo ya biolojia anaujua: yai, kiluwiluwi, kiluwiluwi mwenye miguu, chura. Mishale inazunguka, duara inafungwa, na pembeni kuna sentensi moja: tiroksini inaleta metamofozi. Tunakariri, tunafaulu mtihani, tunapita.

Mchoro ule hausemi uongo. Kosa lake ni kuonyesha ngozi tu. Unafanya tufikiri kwamba chura ni kiluwiluwi aliyeongezewa miguu na kukatwa mkia. Lakini fungua tumbo. Kiluwiluwi wa Xenopus, yule chura wa majini wa Afrika yetu ambaye maabara za dunia nzima zinamtumia, anachuja vijimea vidogo ndani ya maji. Utumbo wake ni mrefu, umejikunja kama kamba, na ndani una mkunjo mmoja tu. Chura mkubwa anakula wadudu na wanyama wengine wadogo. Utumbo wa zamani haumfai tena. Basi homoni ikipanda mu damu, utumbo unapoteza karibu robo tatu ya urefu wake. Seli nyingi za utando wa ndani zinakufa kwa mpango. Chache zinarudi nyuma, zinakuwa seli shina, zinaongezeka, na zinajenga utando mpya wenye mikunjo mingi.

Sasa angalia vizuri. Homoni ni ileile. Kwenye mkia inaleta kifo, kwenye miguu inaleta ukuaji, na kwenye utumbo inaleta yote mawili mu kiungo kimoja. Ile sentensi ya pembeni ya mchoro inaeleza namna gani jambo hilo? Haielezi. Jibu liko ndani ya seli inayopokea. Tiroksini inabadilishwa kwanza kuwa T3, yenye nguvu zaidi. T3 inashika vipokezi vilivyokaa juu ya jeni ndani ya kiini. Bila homoni, vipokezi hivyo vinazifunga jeni. Homoni ikifika, vinazifungua. Kila tishu iko na mpango wake wa jeni. Na seli haziamui peke yake: kazi za Atsuko Ishizuya-Oka zilionyesha kwamba utando mpya wa utumbo hauwezi kujengwa bila tishu unganishi iliyo chini yake. Kusema homoni ni swichi ya taa ni kurahisisha kupita kiasi.

Kosa la pili ni la historia. Mara nyingi tunatajiwa Gudernatsch, ambaye mwaka 1912 alilisha viluwiluwi tezi ya tiroidi ya farasi, vikageuka haraka kuwa vyura vidogo sana. Jaribio zuri. Lakini linathibitisha tu kwamba tiroidi ikiongezwa inatosha kuharakisha. Halithibitishi kwamba tezi ya kiluwiluwi mwenyewe ni ya lazima. Hilo lilionyeshwa mwaka 1916 na Bennet Allen: alitoa tezi mapema, viluwiluwi vikaendelea kunenepa bila kugeuka. Sisi watu wa agronomi tunapaswa kulielewa hilo haraka, juu kwenye shamba la majaribio tunaweka mbolea kamili, halafu tunaondoa kirutubisho kimoja kimoja. Kuongeza bila kuondoa ni nusu ya hoja.

Mtu ataniuliza: yote hayo juu ya chura, faida gani? Faida iko Idjwi, hapa mu Ziwa Kivu. Homoni hii inatengenezwa na iodini. Delange na Ermans walichunguza rovu kwenye kisiwa hicho: iodini ilikuwa haba pande zote, lakini rovu lilijaa zaidi upande wa kaskazini. Uchunguzi ukaelekeza kidole kwa muhogo. Muhogo usiotengenezwa vizuri unaacha sayanidi, mwili unaigeuza kuwa thayosayaneti, na hiyo inazuia tezi kuvuta iodini. Viluwiluwi navyo, ukiwazuilia tezi isivute iodini, kwa mfano kwa pakloreti, havigeuki. Ni mlango uleule.

Njo maana sioni kama huu ni ubishi wa wasomi. Agronomu anayeshauri familia kuhusu aina ya muhogo na siku za kuloweka anagusa tezi ya mtoto, na homoni hiyo inajenga ubongo wake tangu tumboni mwa mama. Duara la mishale halimwambii hivyo.

Sitaki tufute mchoro. Tuuongezee mambo mawili: utumbo uliokatwa, kabla na baada; na iodini inayoingia kwenye tezi, pamoja na kile kinachoweza kuizuia. Wenye kufundisha, chaki iko mkononi mwenu. Mutachora?