Nomino "work": lini huhesabika, lini haihesabiki

"Work" ni nomino ya Kiingereza inayofundishwa mapema, nayo humsumbua mzungumzaji wa Kiswahili hata baada ya miaka mingi ya kusoma. Chanzo ni sarufi. Nomino "kazi" iko katika ngeli ya I-ZI, hivyo umbo lake halibadiliki: kazi hii, kazi hizi, kazi moja, kazi tatu. Kiingereza kimeligawa eneo hilohilo kwa nomino mbili zenye tabia tofauti: "work", ambayo kwa maana yake ya msingi haihesabiki, na "job", inayohesabika.

Maana hiyo ya msingi ni shughuli inayotumia nguvu au akili, pamoja na ajira. Hapa "work" haitanguliwi na "a" wala haiongezwi "-s". Anayetafuta ajira husema "I am looking for work" au "I am looking for a job". Akisema "I am looking for a work" ataeleweka, lakini amekosea. Kazi nyingi ni "a lot of work", si "many works", na anayeuliza wingi wake huuliza "how much work". Panapokuwa na haja ya kuhesabu, "jobs" au "tasks" huchukua nafasi.

Nomino nyingi zilizoungwa kwa "work" zimerithi tabia hii: "homework", "housework", "paperwork", "teamwork". Mwanafunzi aliyepewa mazoezi ya masomo manne ana "homework" tu. "Homeworks" haipo katika Kiingereza sanifu. "Network" na "framework" ni tofauti, kwa kuwa humo "work" ina maana ya kitu kilichoundwa, na kitu huhesabika: "two networks". Katika barua za kuomba ajira lipo kosa jingine, dogo lakini la kudumu: kuandika "hardwork", ilhali "hard work" ni maneno mawili.

Kwa maana ya mahali pa kazi, Kiswahili kinasaidia. "Kazini" ni neno moja lisilohitaji nyongeza, na Kiingereza nacho hakiweki "the": "she is at work", "he goes to work".

Maana inayohesabika waziwazi ni ile ya zao la msanii au mwandishi. Kitabu cha "Kusadikika" ni "a work by Shaaban Robert", na maandishi yake yote kwa pamoja ni "the works of Shaaban Robert". Kile kibainishi "a" kilichokuwa kosa kwa mtafuta ajira hapa ni lazima. Lakini mwalimu anayesifu daftari la mwanafunzi huandika "good work" bila "a", kwa sababu anasifu juhudi, si kitabu wala mchoro. "Good works", yenye "-s", ni jambo jingine kabisa: ni matendo mema, kwa maana ya kidini.

Umbo "works" lina maana nyingine mbili za kukumbukwa. Ya kwanza ni kiwanda, kama "steelworks", kiwanda cha chuma. Ingawa limeishia na "-s", neno hilo hukubali "a" na kitenzi cha umoja. Ya pili ni shughuli za ujenzi: Wizara ya Ujenzi ya Tanzania kwa Kiingereza huitwa "Ministry of Works".

Katika fizikia, "work" ina maana finyu kuliko zote, na mwanafunzi wa sekondari anayeijua ile ya kawaida tu hupotea. Kazi hapo ni zao la kani na umbali uliosogezwa kuelekea upande wa kani, na kipimo chake ni jouli. Ndoo yenye lita 20 za maji ina uzito wa karibu nyutoni 200. Kuinyanyua mita 1.5 hadi kichwani ni kazi ya jouli 300 hivi. Aliyeibeba akisimama nayo nusu saa kwenye foleni, shingo itamuuma na jasho litamtoka, lakini kazi iliyofanyika juu ya ndoo katika muda huo ni sifuri, kwani haikusogea. Kwa maana hii pia "work" haihesabiki. Zinazohesabika ni jouli.

Kamusi zilizoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza huonyesha tofauti hizi kwa herufi mbili: C kwa maana inayohesabika, U kwa isiyohesabika. A. S. Hornby na wenzake walizitumia katika kamusi yao iliyochapwa Japani mwaka 1942, ambayo baadaye Oxford waliiendeleza. Herufi hizo huwekwa kwenye kila maana, si kwenye neno zima. Anayefungua kamusi kutafuta "work" aisome kwanza herufi, ndipo asome maana.