Moshi Bondeni

Nilipoiona mara ya kwanza picha ya Ross Dickinson iitwayo *Valley Farms*, niliipita haraka. Mashamba ya kijani, milima nyuma yake. Nikasema moyoni: kalenda ya serikali.

Nilikuwa na sababu. Dickinson, mchoraji wa California, aliichora mwaka 1934 akilipwa na mradi wa serikali ya Marekani ulioajiri wasanii wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Katika miezi michache tu, mradi huo uliwalipa wasanii zaidi ya 3,700, nao wakatoa kazi zaidi ya 15,000. Mada waliyopewa ilikuwa pana: maisha ya Marekani. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mimi nilidhani uliojaa hauna la kufanywa ila kulambwa.

Kisha nikairudia, nikaitazama milima. Haijakaa nyuma kama pazia la studio ya picha. Ni mikavu, ya rangi ya kutu, migongo imechongoka, na imelibana bonde lile la kijani hadi linaonekana la kuazima. Halafu nikauona moshi. Bondeni kuna moto mdogo, na juu yake vilima vikavu tayari kuwaka. Utulivu wote wa mashamba unategemea upepo usibadilike.

Hiyo haikuwa hofu ya kubuni. Novemba 1933 moto uliteketeza vichaka vya milima ya San Gabriel, karibu na Los Angeles. Mwaka mpya ulipoingia, mvua kubwa ikaishukia milima iliyobaki uchi, na matope yakazoa nyumba na watu katika bonde la La Crescenta. Watazamaji wa California wa mwaka ule hawakuhitaji kuelezwa moshi una maana gani.

Nina lawama moja: watu. Mikono iliyolima kijani kile karibu haionekani. Lakini hatari ipo, mbele ya macho ya aliyelipa.

Mwaka jana nilijaza fomu ya kuomba ruzuku ya uandishi. Nilifuta aya kuhusu kisima kilichozinduliwa kwa ngoma na vigelegele, kisha kikakauka. Hakuna aliyeniambia niifute. Dickinson alilipwa, na moshi akauacha upande. Mimi niliuzima mwenyewe, hata kabla ya kulipwa.